Ziara ya siku moja Nizwa: mzee alikuwa hajamaliza kuniuliza

Naandika hasira hazijanishuka, mnisamehe nikipindukia. Nipo Muscat, Oman, kwa dada yangu, na Ijumaa iliyopita nililipia ziara ya siku nzima kwenda mji wa Nizwa na kampuni moja ya watalii. Tulikuwa abiria sita, dereva ndiye huyo huyo mtembezaji.

Nilichokifuata kwanza ni mnada wa mbuzi. Huwa Ijumaa asubuhi mapema: wauzaji wanazungusha mbuzi wao, kamba mkononi, wanunuzi wamekaa duara, anayempenda mbuzi anamsimamisha, anamfunua meno, bei inapatanwa papo hapo. Haya nimesimuliwa na shemeji. Mimi nilichokikuta ni mavi ya mbuzi na mtu anafagia. Dereva alikuwa ametupeleka kwanza kwenye duka la ubani na manukato njiani, akatuacha humo karibu saa nzima. Nilipomwuliza kama mnada tutauwahi, alinijibu bila kunitazama: "Mbuzi ni mbuzi, hata kwenu wapo."

Ngomeni akatupa dakika ishirini. Jamani, ngome ile! Aliyejenga mnara wake ni Imamu Sultan bin Saif, aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif ndiye ambaye watu wake waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Habari yetu hiyo, watu wa pwani, na mtembezaji hakuitamka hata kidogo. Nilipanda ngazi za mnara mbio mbio. Ni nyembamba, zinapindapinda, na juu ya milango kuna matundu: adui akifika hapo, anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Chumba cha tende nacho niliingia na kutoka. Sakafu yake ina vijifereji. Magunia ya tende yalipangwa juu kwa juu, yakajikamua kwa uzito wake yenyewe, asali ikatiririka hadi mtungini. Nilichuchumaa nikapitisha kidole katika kifereji kimoja, kimelainika kama mdomo wa kisima cha zamani. Honi ikalia.

Hayo yote ningeyameza. Lililonichoma ni la sokoni.

Nilisimama kwenye duka la haluwa nikajisemea tu, "Hii nzuri hii." Mzee mwenye duka, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ya vitundu, kama aliyokuwa akivaa babu yangu, akageuka. "Nzuri kweli, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamwamkia shikamoo huku sauti inanitetemeka. Akaitikia marahaba. Nikamwambia Unguja. Unguja wapi? Malindi. Akaweka mwiko chini. "Malindi! Wewe mtoto wa nani?"

Akanivutia kiti. Akanichotea haluwa ingali na joto, zafarani na hiliki zinanukia, akanimiminia kahawa. Aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 13, akakulia Dubai, Oman akaingia miaka ya sabini baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Kiswahili anazungumza na mkewe. Wajukuu wanakisikia, wanajibu Kiarabu. Kisha akanisogelea: "Enhe, hebu niambie, pale nyuma ya Msikiti wa Mnara, palikuwa na..."

Dereva akaingia, akanishika begi begani akalivuta. Akamwambia mzee maneno kwa Kiarabu, sikuyaelewa, ila niliona mzee akiinamisha macho kwenye sinia. Mtu wa umri ule, dukani kwake! Nikauliza, "Palikuwa na nini, babu?" Akasema, "Nenda mwanangu, usije ukaachwa," akanitilia boksi la haluwa mikononi, pesa akakataa.

Nilipanga kuwapa nyota mbili. Haki ni haki: gari lilikuwa safi, baridi la kutosha, na dereva hakukimbiza hata pale malori yalipotupita. Tena asingetupeleka sokoni, huyo mzee nisingemjua, nikasema labda tatu. Halafu nakumbuka ule mkono kwenye begi langu. Hapana. Hata moja siwapi. Na lile neno la mbuzi pia sijalisahau.

Nizwa yenyewe nendeni, nawasihi nendeni, ila tafuteni gari lenu au pandeni basi, mfike Alhamisi mlale huko huko, asubuhi mnada muuone na ngome mkae mnavyotaka.

Tiketi yangu ya kurudi ni wiki ijayo. Jumatatu napanda basi, shemeji ameshaniandikia mahali pa kulipandia. Nimempigia mama simu, na yeye hakumbuki nyuma ya msikiti palikuwa na nini. Kaniambia nikamwulize huyo mzee jina la baba yake.