TAHADHARI Lubumbashi: «fundi» anayechomoa relei ya taa halafu anakuuzia waya

Wandugu, hasa ninyi wa taksi na wote mnaopiga barabara ya Likasi ao Kasumbalesa usiku: kuna mtu anazunguka na mfuko wa vyombo karibu na magaraji ya komini yetu ya Kenya, anajiita fundi wa umeme wa gari. Anasema anapima taa bure. Musimufungulie boneti.

Taa ya kushoto ya gari ya shemeji yangu ilikuwa inawaka hafifu, ya kulia iko sawa. Yule mtu akamwambia akae ndani abonyeze swichi, yeye akabaki mbele, boneti imemficha. Mara taa zote mbili zikazima. «Waya zimeungua ndani, inaomba kufanya mpya zote.» Dola 70. Shemeji akalipa, giza lilikuwa limeingia na gari ndiyo inalisha nyumba. Kijana wa garaji ya jirani ndiye alitueleza baadaye: alimuona akichomoa relei, ile swichi ndogo ya umeme inayopitisha moto wa taa, na kuitia mfukoni.

Tulipofungua, waya za zamani zote ziko pale pale na vumbi lake. Bolti ya masi, ile inayofunga waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, nyuma ya taa ya kushoto imejaa kutu. Kuisugua na msasa na kuikaza, basi, hiyo ndiyo ilikuwa dawa tangu mwanzo.

Kilichonitia hasira zaidi ni hiki: aliweka ampuli za wati 100 ili shemeji aone mwangaza umeongezeka. Ampuli ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa fupi. Mbili za 60 zinavuta karibu ampea 10. Mbili za 100 zinakaribia 17. Fyuzi ya buluu ya 15 ilikuwa itakatika, kwa hiyo akaitoa akaweka ya kijani ya 30. Fyuzi inalinda waya! Ukiweka kubwa, kinachoungua ni waya wenyewe. Soketi ya kulia ilikuwa imeanza kuyeyuka, plastiki imekuwa ya kahawia na inanuka. Fikirieni taa zinazima ghafla mbele ya lori la madini.

Gari nyingi zina relei moja kwa taa zote mbili. Kwa hiyo taa moja ikisumbua na nyingine inawaka vizuri, relei haina kosa: angalia ampuli, soketi na masi ya upande ule. Zikizima zote, badilishana relei na ile ya honi kama namba na miguu vinafanana. Ukiwa na kipimo, washa taa, pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya soketi ampuli ikiwa ndani. Tofauti ikipita volti moja, kuna waya ao masi mbovu.

Aliyekwisha kupita mikononi mwake afungue sanduku la fyuzi leo, mbele ya kuwasha taa. Akikuta ya kijani mahali kifuniko kinaandika 15, aitoe aweke ya 15, arudishe ampuli za 60/55, na aguse soketi zote mbili kama hazijalainika.