Mama Ngina Waterfront: mamangu kapata kiti, mwanangu kakosa kiwanja

Jumapili mamangu aliniambia, "Nipeleke nikapunge upepo." Kwa mzee wa Mombasa hiyo maana yake ni Mama Ngina, bustani ya kupumzikia kando ya bahari, ingawa yeye hadi leo huiita Azania, jina la zamani la barabara ipitayo hapo. Tukajibana kwenye tuktuk watatu, mimi, yeye na mwanangu wa miaka kumi na mmoja, mpira kaukumbatia.

Mazuri kwanza. Kuingia ni bure. Zamani tulikuwa twakaa juu ya mawe na mizizi; tangu pafunguliwe upya Oktoba 2019, kwa ukarabati wa kama shilingi milioni 460, mtu mwenye magoti mabovu aweza kutembea. Mama alitoka langoni na mkongojo wake mpaka ukingoni bila kunishika mkono. Mibuyu mikongwe bado ipo, na chini yake ndipo penye kivuli cha kweli. Alipokaa tu, meli ya makontena ikaingia mlango wa bandari ya Kilindini, karibu mno hata waona rangi ilivyobambuka ubavuni. Mama akaipungia mkono. Sikumuuliza anampungia nani; marehemu baba alikuwa kuli bandarini.

Chakula hakina mjadala. Muhogo umekaangwa ukakauka nje, unachanjwa katikati, unapakwa chumvi na pilipili, ndimu inakamuliwa juu. Dafu la kuteremshia. Mama alikula mihogo miwili, na nyumbani hamalizi hata kikombe cha uji.

Sasa mwanangu. "Baba, twacheza wapi?" Nikatazama huku na huku, jibu sina. Kuna njia, kuna viti, kuna watu wanapigana picha. Akapiga danadana kando ya viti, shuti la tatu likatua kwenye sinia ya kachri ya mama muuzaji. "We kijana, hapa si uwanjani!" Mama wa watu alikuwa na haki. Nikalipa kachri zote zilizomwagika.

Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa gofu, majani yamekatwa kama zulia. Mtoto akasimama akitazama wazee wawili na vijiti vyao. "Uwanja wote huu ni wa watu wawili?" Nikamwambia ale muhogo wake.

Wanaopima mahitaji ya mji hupenda kuhesabu ekari, na hapa ziko kama 26, kwenye karatasi zapendeza. Lakini ekari hizi ni za kukaa. Ni za mamangu, na anazistahili. Kiwanja cha mtaani tulichochezea sisi kimeota gorofa, watoto wetu wanakimbizana na bodaboda. Mimi sitaki chemchemi wala taa za rangi. Uwanja wa mchanga kila mtaa, magoli mawili ya vyuma na bomba la maji, basi. Na mtoto afike kwa miguu, si kwa nauli ya tuktuk.

Kwa kupumzika naipa nyota tano kavu. Kwa mtoto mwenye mpira, mbili, na moja kati ya hizo ni ya muhogo. Ukienda na mzee, fika saa kumi alasiri kabla magari hayajajaa, ushike nafasi chini ya mbuyu, ubebe leso ya kutandika na hela ndogo ndogo. Mpira uache nyumbani. Wetu bado unanuka pilipili.