Kurasa za Msahafu au Nyiradi za Baada ya Swala?

Mwenye kazi za kutwa anayetaka kudumu katika ibada ana njia mbili zilizo karibu naye. Ya kwanza ni kusoma kurasa 4 za msahafu baada ya kila swala ya faradhi, ambazo kwa siku hufika 20, yaani takribani juzuu moja kati ya 30 za Kurani, hata akaihitimisha yote kwa mwezi. Lakini yataka utulivu na macho yasiyochoka, na Adhuhuri ya kazini mara nyingi haitoi hayo. Ya pili ni nyiradi, maneno mafupi ya kumtaja Mungu yanayokaririwa: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, zinazohesabika kwa pingili za vidole hata ukiwa umesimama ndani ya daladala iliyojaa. Mimi mchana hushika nyiradi, na msahafu huuachia Alfajiri, nyumba ikiwa bado kimya.