Mashine ya presha iliyonipa jina jipya barazani

Mashine ninayoisema ni ya kupimia presha nyumbani, ile ya kufunga mkanda juu ya mkono, pale pa kuchanjiwa. Binti yangu aliinunua duka la dawa Mombasa kwa shilingi 4,200, akaipa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti. Nimekaa nayo miezi minane sasa. Nina miaka 64, mwalimu mstaafu, mkazi wa Langoni hapa Lamu, na nilikuwa bingwa wa kusema "mimi bado kijana" mpaka siku mwenzangu tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja alipopata kiharusi akivaa viatu aende msikitini. Hakujua kama ana presha. Presha haiumi wala haiwashi, ndiyo ubaya wake. Nami sikujua kama ninayo.

Kabla ya hii nilijinunulia nyingine mwenyewe, ya kufunga mahali pa saa, kwa mchuuzi mmoja kwa shilingi 1,800. Ile ilikuwa ikitoa namba kama bahati nasibu. Mara 118, mara 151, na chai haijapoa. Nusu ya kosa lilikuwa langu: aina hiyo inataka mkono uinuliwe mpaka usawa wa moyo, mimi nikipima mkono umelala pajani. Mkono ukiwa chini ya moyo namba hupanda, ukiwa juu hushuka. Nusu nyingine ya kosa ni ya mashine, na haikuishi tukasuluhishana, maana hewa ya bahari iliila pale betri zinapogusa, pakafanya kijani. Mtu wa Lamu haelezwi habari hii. Redio, tochi, kufuli, vyote vimeondokea njia hiyo. Kwa hiyo hii mpya naiweka ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko, na konzi ya mchele mkavu iliyofungwa kitambaani. Mke wangu anasema mchele ule sasa haulikwi tena na bado anaukumbuka.

Siku ya kwanza niliifunga baada ya Asiri, nikabonyeza. Mkanda ukajaa upepo, ukanibana, ukalegea pole pole. Kisha mashine ikasema. Hakuna aliyeniambia kuwa inasema! Kwa Kiingereza, kwa sauti ya yule mwanamke wa uwanja wa ndege, ilitangaza 172 kwa 98. Nyumba zetu mnazijua. Dirisha langu liko juu ya baraza, na baraza saa ile imejaa. Kufika Isha nilikuwa naitwa Mia na Sabini na Mbili. Hata kijana wa kahawa, akipita na dele lake, "Mia na Sabini na Mbili, nikutilie kimoja?" Kile kijitabu kimeandikwa Kichina na Kiingereza kwa herufi za sisimizi. Mjukuu wangu ndiye aliyegundua siku ya tatu kwamba ukikishikilia kitufe cha saa sauti inakatika. Siku tatu nzima mtaa ulipata taarifa zangu asubuhi na jioni.

Namba ile ilinitisha, nikaibeba mashine mpaka kliniki ipimwe na yao. Nawashauri wote mfanye hivyo, ni dakika kumi tu. Ya muuguzi na yangu zilipishana kwa tatu, akasema hiyo si kitu. Lakini alitaka kujua nilivyopima.

"Mzee, ulipopima ulikuwa umetoka wapi?"

"Sokoni."

"Umekunywa kahawa?"

"Viwili. Vidogo."

"Ulikuwa kimya?"

Nilikuwa namweleza mke wangu bei ya nguru.

Akacheka, kisha akanikalisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala usivute sigara. Nenda msalani kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Mkono juu ya meza, mkanda kwenye ngozi, si juu ya mkono wa kanzu. Tulia dakika tano bila neno, pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Akanieleza pia kuwa kliniki wanaanza kuwa na wasiwasi kwenye 140 kwa 90, lakini nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa sababu wako watu ambao moyo huwaenda mbio wakiona tu koti jeupe.

Hizo dakika tano ndizo ngumu kuliko vidonge. Jaribu kukaa Langoni dakika tano bila kusema. Utapigiwa hodi. Ukiitika, unaanza upya. Mwishowe nimehamia saa ya baada ya Alfajiri, kabla ya staftahi, wakati hata punda bado wamenyamaza. Kwa kweli nimeanza kuzipenda.

Vidonge nilipewa, ndiyo, baada ya kurudi na daftari la wiki moja. Namba ziliposhuka nikafanya ujanja, nikaviacha. Siku kumi baadaye mashine ikaonyesha 158. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu kama nikipanda jahazi na likaenda vizuri huwa nateremsha tanga. Nimerudi kwenye vidonge.

Mashine hii ni mbeya pia. Inaweka kumbukumbu za watu wawili, namba moja mimi na mbili mke wangu, na yeye huzipitia zangu kama anavyokagua mfuko wa sokoni. "Mwalimu, yeo umekula nini kwa dada yako?" Nimekula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Siku moja si ushahidi, najua, lakini tulikaa wiki tatu bila ng'onda, bila achari ya dukani, na chumvi ya nyumba nzima tukaishusha, na daftari likakubali. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku isifike gramu 5, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate. Kipande cha ng'onda kinakumalizia hesabu kabla hujagusa wali. Ndimu imetusaidia, na pilipili.

Jingine ni kutembea. Naenda Shela kwa njia ya pwani, kama kilomita 3, siku tano kwa wiki. Maji yakijaa njia inamezwa, basi lazima nijue bamvua kuliko nilivyojua nikiwa kijana. Mwezi wa kwanza nilirudi kwa boti kila siku. Sasa narudi kwa miguu, na ngazi za nyumba yangu sizipumzikii katikati. Wanaoniuzia asali ya kurudisha ujana sigombani nao. Habasoda nakula, mamangu alinilea nayo. Lakini hakuna chupa iliyowahi kunionyesha imefanya nini, na hili kopo la biskuti linanionyesha kila asubuhi. Leo 131 kwa 82.

Kasoro. Mkanda uliokuja nayo ni mdogo. Shemeji yangu alikuwa baharia, mikono kama magogo, akipima anapata namba ya kutisha kumbe ni mkanda unaombana. Mwenye mkono mnene aulize mkanda mkubwa palepale dukani. Waya wa umeme haumo, unauzwa peke yake. Inakula betri nne kila baada ya miezi miwili, na hapa kwangu ni mwezi mmoja, kwa sababu wale wale walionibandika jina sasa wanapanda ngazi mmoja mmoja baada ya Alfajiri, wanakunja mikono ya kanzu, wanakaa kimya kama wamefumaniwa. Wiki iliyopita mmoja alipata 180. Hakuna aliyecheka, tulimpeleka kliniki asubuhi ile ile.

Naipa nyota nne. Anayetaka kupimwa aje na betri zake.