"Ni namba tu, mzee": uzoefu wangu na wasambazaji wa muziki wa hapa mjini

Naanza na nyota mbili. Nilikuwa nimeweka moja, nikaibadilisha kwa heshima ya dada mmoja nitakayemtaja huko mbele. Msishike sana hesabu hiyo, bado sijamaliza kuandika.

Jina la ofisi silitaji, ila kazi yao ni kupandisha nyimbo za watu kwenye mtandao. Iko orofa ya tatu, upande wa chini wa mji, si mbali na stendi ya matatu ya Tea Room hapa Nairobi. Lifti ilikufa zamani. Mlinzi wa mlangoni ukimwambia umekuja kuulizia kodi za nyimbo, yaani namba za kuzitambulisha, anakuelekeza kwa ajenti wa nyumba, mlango wa pili kushoto. Huyo nilimsamehe. Kodi ni kodi.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga gitaa wa benga, ule muziki wetu wa gitaa wa Kenya, miaka ya 80, na alirekodi hapo hapo River Road. Alipotutoka, familia ikakubaliana tukusanye nyimbo zake na za wenzake wa bendi, 14 kwa jumla, ziwe mkusanyiko mmoja wa kumkumbuka. Tisa kati ya hizo zilikuwa kwenye mtandao tayari. Zilipandishwa miaka iliyopita na ajenti mwingine, kisha mwaka jana tukazihamishia kwa hawa ninaowazungumzia. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Kuna wimbo mmoja, ule anaomsifu mama mkwe, ulikuwa umechezwa zaidi ya mara 40,000. Kwa vijana wa leo hicho ni kiamsha kinywa. Kwetu ilikuwa sherehe.

Mkusanyiko ukatoka kabla ya Pasaka hivi. Jalada safi, majina yameandikwa sawa. Binti yangu akanifungulia simu, na hapo ndipo chai ilipoingia mchanga: wimbo wa mama mkwe upo mara mbili. Ule wa zamani una wasikilizaji wake wote. Huu wa kwenye mkusanyiko una sifuri. Wiki ya pili ulikuwa na 11, na sita kati ya hao ni mimi.

Sababu niliijua nilipotazama karatasi waliyonitumia. Kila rekodi ina msimbo wake wa herufi na tarakimu 12, ISRC wanauita, na huduma nyingi za kusikiliza muziki hutumia huo kujua kwamba wimbo huu hapa na ule kule ni kitu kimoja, wakahesabu pamoja. Wale jamaa walizipa nyimbo zote 14 misimbo mipya. Zote! Ya zamani ilianza na QZ, ambazo ni herufi za Marekani kwa sababu ajenti wa kwanza aliitolea huko, halafu mbele kidogo ikaja 17 kwa kuwa ulikuwa mwaka wa 2017 ilipotolewa, hata kama gitaa lenyewe lilipigwa 1983. Haidhuru. Mtu anaweza kuzaliwa Siaya akachukulia kitambulisho Nairobi, na bado ni yeye.

Nilipanda zile ngazi na mfano wangu tayari mdomoni. Kulikuwa na kijana mezani, simu mkononi, sikio moja limezibwa. Nikamwambia: kijana wangu, mpangaji akihama Kayole akaenda kukaa Umoja, anapewa kitambulisho kipya? Mkusanyiko ni ploti mpya, basi ipe namba yake ya ploti, ile mistari myeusi kama ya kwenye pakiti ya unga. Lakini wapangaji wanaingia na vitambulisho vyao vya zamani. Hakuinua macho. Akasema, "Mzee, hiyo ni namba tu. Wimbo si unalia?"

Ni namba tu. Nimelisikia neno hilo kwenye matatu, kitandani, hata kanisani wakati wa matoleo. Namba yake ya M-Pesa nilipomlipia kazi haikuwa namba tu. Hapo alinisomea tarakimu moja moja mara mbili, na akaniuliza jina lililotokea ni lake.

Hapo hapo haki nayo isemwe: msimbopau waliutoa sawasawa. Ploti mpya, namba mpya, haukuazimwa kutoka albamu nyingine. Nilitegemea uanze na 616 kama bidhaa nyingine zilizosajiliwa Kenya, lakini ulikuwa wa tarakimu 12 wa kimarekani, na hilo si kosa, kwa kuwa mwanzo wa namba unaonyesha iliposajiliwa tu, si bidhaa ilikotoka. Kwa hasira nikaukagua kwa kalamu nyuma ya risiti: tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hadi ya kumi na moja, jumlisha, zidisha kwa 3, ongeza zile za katikati, na tarakimu ya mwisho lazima ifikishe jumla kwenye kumi kamili. Ilifika. Nilisikitika kidogo, nilikuwa natafuta kosa la pili.

Na wimbo wa tano pia walipatia, ingawa kwa bahati. Kwenye sahani ya santuri ulikuwa umekatwa, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, kama nyimbo nyingi za wakati ule. Sisi tukaziunganisha ukawa wimbo mmoja mrefu. Hiyo ni rekodi nyingine, inastahili msimbo mpya. Na zile nne ambazo hazikuwa kwenye mtandao, misimbo mipya ni haki yake. Kosa ni zile tisa.

Sasa kosa langu. Fomu yao ilikuwa na safu ya misimbo na maandishi madogo: kama huna, acha wazi, tutakupa. Niliacha wazi. Sikujua. Ukinilaumu hapo sitakujibu. Lakini zile tisa zilikuwa kwenye kompyuta yao wenyewe! Tulizihamishia huko na misimbo yake, niliwakumbusha mwanzoni.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa dawati la ndani, alikuwa anakula mandazi. Akafuta vidole, akageuza kioo cha kompyuta nikaona, akafungua ukurasa wa kutafutia misimbo ambao mtu yeyote anaweza kuutumia, akaandika jina la mjomba. Ikatoka yote. "Pole, mzee wangu," akasema, "hii ilikuwa kazi yetu." Siku chache baadaye nyimbo zile tisa zikavaa vitambulisho vyake, na wimbo wa mama mkwe ukapanda kutoka 11 hadi 40,000 na kitu. Siku hiyo ningewapa nyota nne. Nilimwambia mke wangu ni watu wazuri, kijana yule labda alikuwa na njaa.

Ijumaa iliyopita albamu ya zamani ikatoweka. Nikapiga simu, akapokea nani? Yule yule kijana. "Mzee, hizo namba zilikuwa zinafanana na za mkusanyiko, tukaondoa moja."

Zinafanana! Ndivyo zinavyotakiwa kuwa, kijana! Leo ndiyo umeanza kusoma namba? Na kwenye ile albamu kulikuwa na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili za wimbo wa tano, kila moja na msimbo wake, hazipo popote pengine. Wazee wa kwetu wanaitaka ile sehemu ya pili, ndiyo yenye gitaa.

Jumatatu napanda ngazi tena na daftari, misimbo yote nimeinakili kwa mkono.

Nyota moja. Dada wa mandazi, uniwie radhi.