Uhakiki wa SDQ: Karatasi ya Maswali 25 na Foleni Inayofuata

Mtoto analalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa ya minyoo, na majibu yakirudi safi anaambiwa anadeka. Nyumba nyingine watasema ana jini, apelekwe kuombewa au kusomewa. Kati ya zahanati na maombi, miezi inapita na hakuna aliyemuuliza mtoto analala vipi, anaogopa nini, ana rafiki au hana.

SDQ (kwa Kiingereza Strengths and Difficulties Questionnaire, yaani dodoso la uwezo na matatizo ya mtoto) ni karatasi ya kuuliza hayo. Lilitungwa na Robert Goodman, daktari wa Uingereza wa magonjwa ya akili ya watoto, likachapishwa mwaka 1997. Lina sentensi 25 kuhusu mtoto, na kila moja inajibiwa kwa kuchagua kati ya si kweli, kweli kiasi na kweli kabisa. Kuna nakala ya mzazi, ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe kuanzia miaka 11 hadi 17. Tafsiri ya Kiswahili ipo kwenye tovuti ya wenye haki, na kuchapa nakala za karatasi kwa matumizi yasiyo ya biashara ni bure. Kujaza huchukua kama dakika tano kwa msomaji mzuri. Kwa shule au zahanati isiyo na fungu la afya ya akili, ni vigumu kupata chombo kingine cha bei hii kinachogusa mambo mengi kiasi hiki.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakimwiti mtoto mgonjwa. Sentensi tano kati ya zile 25 zinauliza mema: anawajali wenzake, anagawana vitu, anasaidia. Mzazi aliyekuja amejikunja akidhani ataambiwa mwanawe ni kichaa hulegea akikutana na maswali hayo. Zilizobaki zimegawanyika tano tano: hisia, tabia, utulivu na umakini, na mahusiano na wenzake. Na lile tumbo la Jumatatu limo. Maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoisha yamewekwa kwenye kundi la hisia, pamoja na wasiwasi, huzuni na woga. Swali hilo peke yake linafaa kumfanya tabibu asimame kabla ya kuandika dozi ya tatu ya antibiotiki.

Sasa kuhesabu, maana hapa ndipo karatasi nyingi huharibika. Kwa kawaida si kweli ni 0, kweli kiasi ni 1, kweli kabisa ni 2. Lakini sentensi namba 7, 11, 14, 21 na 25 zinahesabiwa kinyume, kwa sababu zinasifu: mtoto ni msikivu, ana angalau rafiki mmoja mzuri, anapendwa na wenzake, hufikiri kabla ya kutenda, humaliza alichoanza. Mwalimu akisahau kuzigeuza, mtoto aliyejibiwa kweli kabisa katika zote tano anaongezewa alama 10 asizostahili. Mtoto wa alama 6, asiye na tatizo lolote, anageuka kuwa wa 16 na jina lake linaingia kwenye orodha. Dawa yake ni rahisi: tengeneza karatasi ya kuhesabia yenye namba hizo tano zilizopigiwa mstari mwekundu, na mtu wa pili ahesabu upya kila karatasi ya kumi.

Jumla ya matatizo hupatikana kwa kujumlisha makundi manne, bila lile la mema, hivyo ni kati ya 0 na 40. Kwa nakala ya mzazi, 0 hadi 13 ni kawaida, 14 hadi 16 ni mpakani, 17 kwenda juu ni ya kufuatiliwa. Kwa kijana mwenyewe mipaka ni 15, kisha 16 hadi 19, kisha 20. Kwa mwalimu ni 11, kisha 12 hadi 15, kisha 16. Usichanganye mipaka hii. Swali likiachwa wazi, kundi linaweza kukadiriwa ikiwa angalau matatu kati ya matano yamejibiwa: tafuta wastani wa yaliyojibiwa, zidisha kwa tano, kadiria kwenye namba nzima.

Jumla pia hudanganya. Chukua msichana wa kidato cha pili aliyejaza mwenyewe: hisia 8, tabia 2, umakini 5, wenzake 3. Jumla ni 18, mpakani, na mwalimu mwenye haraka atamweka kando. Ila 8 kwenye hisia ni juu sana. Kwa nakala ya kijana, 7 tayari iko kwenye kundi la juu. Msichana mpole asiyesumbua darasa ndiye hupotea hivi. Soma kila kundi peke yake kabla ya kusoma jumla.

Ukichapa, chapa pande zote mbili. Upande wa nyuma una nyongeza inayouliza kama matatizo hayo yanamsumbua mtoto mwenyewe, na kama yanaingilia maisha ya nyumbani, marafiki, masomo na michezo. Wengi huiacha kuokoa karatasi, na ni hasara, kwa sababu ndiyo inayotenganisha mtoto mchangamfu kupita kiasi na mtoto anayeumia. Kwa mzazi na kijana, alama 2 au zaidi kwenye nyongeza hiyo ni sababu ya kutosha ya kuzungumza naye hata kama jumla yake si kubwa.

Kuna mahali SDQ haifiki, na ni lazima anayeitumia ajue. Haiulizi kabisa kuhusu kujidhuru wala kutaka kufa. Haiulizi kuhusu kubakwa, kupigwa nyumbani, dawa za kulevya, au kusikia sauti. Karatasi yenye alama ndogo si cheti cha usalama. Yeyote anayekaa na kijana mwenye alama za juu kwenye hisia amuulize wazi, kwa sauti ya kawaida, kama amewahi kuwaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi Januari 2025, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai, na hofu ya polisi bado imo vichwani mwa wazazi wengi, kwa hiyo waambiwe mapema kuhusu uamuzi huo.

Nani ajaze? Nakala ya kawaida inauliza kuhusu miezi sita iliyopita. Kwa mtoto wa bweni, mama aliyemwona likizoni tu hawezi kujibu vizuri. Mtafute matroni au mwalimu wa darasa, kisha kijana mwenyewe. Kwa mtoto anayelelewa na bibi, bibi ndiye mjazaji. Asiyejua kusoma asomewe sentensi kama ilivyo, bila kufafanua kwa mifano, maana mfano wa msomaji hugeuka kuwa jibu. Sentensi namba 7, ya mtoto kuwa msikivu, ina shida yake pia: katika nyumba nyingi zetu mtoto anayehoji lolote huhesabiwa mkaidi.

Usiiweke kwenye fomu ya mtandaoni. Nakala za kielektroniki zinahitaji kibali cha wenye haki, na kubadilisha maneno hakuruhusiwi. Zaidi ya hapo, hizi ni taarifa za afya za mtoto: sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na Tanzania ina sheria yake ya 2022. Tumia namba badala ya jina, funga karatasi kabatini, na zisijadiliwe chumba cha walimu wakati wa chai.

Kasoro kubwa zaidi haimo kwenye karatasi. Mipaka ya awali iliwekwa Uingereza ili takriban mtoto mmoja kati ya kumi aangukie kundi la juu. Hata tukichukulia hivyohivyo, shule ya wanafunzi 800 itatoa majina 80. Mazungumzo ya nusu saa kwa kila mmoja ni saa 40, na mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi ni mmoja, mwenye vipindi vyake vya kufundisha. Hospitalini, kliniki ya akili mara nyingi ina siku yake. Mzazi anapoteza kibarua, analipa nauli mbili, kisha anapita kwenye mlango ambao jirani akimwona ataongea. Madaktari bingwa wa akili za watoto ni wachache na wako zaidi Nairobi na Dar es Salaam. Kumwambia mtoto umegundua anaumia, kisha kunyamaza, ni kumfundisha asiseme tena.

Kwa hiyo anza na darasa moja, si shule nzima. Kabla ya kugawa karatasi, andika nani atazungumza na watoto, lini, na wa hali ngumu watapelekwa wapi na nani. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, Kenya na Tanzania. Na si kila mmoja anahitaji daktari: utafiti wa Shamiri, mpango wa kuwasaidia vijana kisaikolojia nchini Kenya, uliochapishwa 2021, wenye wanafunzi 413 wa sekondari, ulitumia vikao vinne vya saa moja katika vikundi vidogo, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma.

Shule yenye mpango wa namna hiyo, hata mdogo, ichape SDQ wiki hii. Isiyo nao ianze na mpango, na karatasi zisubiri muhula ujao.