Kipimo cha i-STAT Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Mahututi

Kwa miaka 2 sasa tumekuwa tukitumia i-STAT, kifaa cha mkononi cha kupima gesi za damu, yaani oksijeni na kabonidayoksaidi, kinachotengenezwa na kampuni ya Abbott, katika wadi yetu yenye vitanda 6 vya wagonjwa mahututi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya madaktari na wauguzi wa hospitali za mikoani ambao huenda wanafikiria kukinunua. Kabla ya hapo sampuli zetu zilipelekwa kwa miguu hadi kwenye mashine kubwa ya maabara, na mara nyingi jibu lilirudi likieleza hali ambayo mgonjwa alikwishaivuka.

Matumizi yake ni mepesi. Damu huchotwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono kwa bomba la sindano lenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, matone machache yasiyofika hata mikrolita 100 hutiwa kwenye katriji, kibao kidogo cha kupimia kinachotumika mara moja, kifuniko hufungwa, katriji huingizwa, na baada ya dakika 2 hivi majibu hutokea kwenye kioo. Katriji tunayoitumia zaidi, CG4+, hupima pH (kipimo cha uasidi, kinachoshuka asidi inapozidi), mgandamizo wa kabonidayoksaidi, mgandamizo wa oksijeni na lakteti (asidi inayopanda seli zinapokosa oksijeni), kisha kifaa hukokotoa bikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza makali ya asidi. Kila katriji hujirekebisha yenyewe kabla ya kusoma damu, kwa hiyo hatuhitaji mitungi ya gesi wala dawa za kusafishia mirija, vitu ambavyo mashine kubwa huvidai hata siku ambayo haikupima mgonjwa yeyote. Hospitali inayopima makumi ya sampuli kwa siku itaona katriji ni ghali; kwa wadi yetu, yenye vipimo vichache kwa siku, hesabu imetuangukia vizuri.

Thamani yake niliiona wazi usiku mmoja tulipoletewa kijana aliyekuwa akihema kwa nguvu na kwa kina, akiwa ameandikiwa rufaa ya nimonia. Kifaa kilisoma pH 7.08, kabonidayoksaidi milimita 14 za zebaki, na bikaboneti 4. Viwango vya kawaida ni pH 7.35 hadi 7.45, kabonidayoksaidi 35 hadi 45 na bikaboneti 22 hadi 26, hivyo damu yake ilikuwa imejaa asidi, na mapafu yalikuwa yakiitoa kwa kufukuza kabonidayoksaidi kadiri yalivyoweza. Tulizidisha bikaboneti kwa 1.5 na kuongeza 8, kama inavyoelekeza kanuni ya Winters, inayokadiria kabonidayoksaidi inayotarajiwa mapafu yanapofidia asidi, tukapata 14 ileile. Maana yake mapafu yalikuwa mazima na yalikuwa yakifanya kazi yao barabara. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Lakteti ilikuwa 2.1 tu, kiasi kisichotosha kueleza asidi yote ile. Sista wa zamu alimchoma kidole kupima sukari, na mashine ya sukari ikaandika kwamba kiwango kimepita uwezo wake. Mkojo ulikuwa na ketoni nyingi, yaani asidi ile ilitokana na kisukari. Tulianza maji ya mshipani na insulini, tukifuatilia potasiamu kwa karibu, na asubuhi pH ilikuwa 7.31 na bikaboneti 15. Kwa ufuatiliaji huo tulitumia damu ya vena, kwa sababu pH yake hutofautiana kidogo sana na ya ateri, na hakukuwa na haja ya kumtesa kijana yule kwa kumchoma ateri kila baada ya saa chache.

Hata hivyo kifaa husoma kile tu ulichokitia. Niliwahi kupima damu ya mzee mwenye nimonia nikapata mgandamizo wa oksijeni wa milimita 92 za zebaki, ambao ni mzuri, ilhali kipimo cha kidoleni kilionyesha kujaa kwa oksijeni kwa asilimia 84 tu. Nilipolitazama bomba nikaona povu la hewa ambalo sikulitoa. Hewa ya chumbani ina oksijeni nyingi kuliko damu ya mgonjwa wa namna hiyo na karibu haina kabonidayoksaidi, kwa hiyo povu dogo tu hupandisha ya kwanza na kushusha ya pili. Sampuli mpya ilisoma 51. Tangu siku hiyo namtaka kila anayechota damu atoe hewa papo hapo na kupima bila kuchelewa, kwa kuwa chembechembe za damu huendelea kutengeneza lakteti ndani ya bomba.

Jambo linalotusumbua kuliko yote ni joto. Kifaa kimeundwa kufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30 za Selsiasi, nasi mwezi wa pili huvuka 30 kabla ya saa sita mchana, hivyo anayeishi Pwani asikinunue pasipo kiyoyozi. Katriji nazo hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishatolewa ikapata joto la chumbani hairudishwi. Msambazaji mmoja alituletea boksi lililobakiza wiki 5 kuisha muda wake, tukatupa zaidi ya nusu. Sasa hatutii saini mpaka tumesoma tarehe.

Kuna pia mipaka ya vipimo vyenyewe. CG4+ haipimi elektroliti, yaani chumvi za damu, na katriji nyingine, CG8+, inayopima sodiamu na potasiamu, haipimi kloridi, hivyo pengo la anioni, hesabu ya chumvi hizo inayosaidia kutafuta chanzo cha asidi, linahitaji maabara. Lililo zito zaidi ni kwamba katriji hizi hazipimi kiwango cha kujaa kwa oksijeni kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni damuni; kifaa hukikokotoa tu. Mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa anaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida na asilimia nzuri kabisa, huku himoglobini yake imeshikwa na monoksaidi ya kaboni, na kipimo cha kidoleni nacho hudanganyika vivyo hivyo. Kinachoweza kutushtua hapo ni lakteti iliyopanda na pH iliyoshuka. Tumebandika karatasi mgongoni mwa kifaa: mgonjwa wa moshi wa mkaa apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara anapofika, hata kama kioo kinasema asilimia 98.